Chumba cha Generoza Kilipopangwa

Mwanamke mmoja alikuwa na chumba cha kushonea, na chumba hicho kilikuwa na fujo. Jina lake Generoza. Alikaa katika mji mdogo wa huko juu kwenye baridi, mahali ambapo wanawake huvaa sweta juu ya kitenge hata saa sita mchana. Hakuwa na duka sokoni wala kibao mlangoni. Alikuwa na chumba kimoja cha pembeni nyumbani kwake, na cherehani moja ya kukanyaga, na watu walimfuata humo humo. Ninaposema fujo simsingizii. Ukifungua mlango ulikuwa unasukuma kitu, na ukitaka kukaa ilibidi kwanza uhamishe nguo ya mtu. Vifungo vilikuwa katika makopo ya maziwa yaliyokosa vifuniko, nyuzi zimening'inia kwenye misumari, na vipande vya kitambaa vimejaa mpaka chini ya meza. Mumewe, Batromeo, alikuwa akisimama mlangoni akimwita akale, maana kuingia hakuthubutu.

Lakini fujo ile ilikuwa na mpango wake, nanyi naomba mnisikilize vizuri hapa. Wanawake wa kule hawapendi kuzungushiwa futi kifuani. Mtu akitaka nguo mpya huja na kitambaa chake, na pamoja nacho huleta gauni la zamani linalomkaa vizuri. Hilo ndilo kipimo. Generoza alikuwa anavingirisha kitambaa kipya juu ya gauni la zamani, anachana ukanda mwembamba pembeni mwa kitambaa, anafunga, anaweka. Jina haandiki. Utauliza, sasa atajuaje cha nani? Alijua kwa mahali. Vifurushi vya mlangoni vilikuwa vya watu wenye haraka. Vya dirishani vilikuwa vya harusi na kipaimara. Vya kwenye kona, nyuma ya cherehani, vilikuwa vya wagonjwa, na kila alipoketi kukanyaga aliviona, akawakumbuka wenyewe. Na juu ya sanduku la bati viliwekwa vile vyenye neno ndani yake. Yaani mwenyewe alipoleta alisema jambo ambalo mtu hapendi kulisema mara mbili. Miaka kumi na saba alishona hivyo, na hakuna mtu aliyewahi kupotezewa hata kifungo.

Mwanzoni mwa mvua alikuja Otilia. Otilia alikuwa wa jumuiya moja naye kanisani, mdogo kwake kwa umri, mwanamke asiye na maneno mengi. Mama yake alikuwa amefariki mwaka huo, naye ndiye mtoto pekee. Alileta kitambaa kipya cha buluu, na ndani yake gauni kuukuu la buluu iliyofifia, lenye maua madogo meupe, marinda kiunoni na kola ya duara. Mama yake alilishona kwa mkono, sindano na uzi, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kuwa na cherehani. Otilia alikuwa na umbo la mama yake, bega kwa bega. Alitaka ashonewe jingine la namna ile ile, alivae siku ya kuweka msalaba kaburini, baada ya mavuno, ili wale waliomjua mama wamwone tena kidogo. Hayo hakuyasema yote. Alisema tu, hili ni la mama, dada, nitalichukua pamoja na jipya. Generoza akalifunga mara mbili, akaliweka juu ya sanduku la bati. Hapo hapakuwa na shaka yoyote. Mikono yake ilijua.

Sasa ikaja siku akaingia mgeni. Alikuwa Bi Eveta, mke wa bwana shamba aliyehamia karibuni, mwanamke mwenye viatu vya kisigino na mkoba wa ngozi. Alikuwa amesikia sifa za ushonaji wa Generoza, akaja kuona. Aliposukuma mlango, sketi yake ikanasa kwenye msumari wa nyuzi. Akaitoa taratibu, akazungusha macho chumba kizima, akacheka kicheko cha upole, kile kibaya kuliko vyote. Akasema, "Mama, hapa panashonwa au panauzwa mitumba?" Akasema atarudi siku nyingine, akaondoka na kitambaa chake kwapani.

Neno lile lilimwingia Generoza mpaka kwenye mifupa. Jamani, sisi binadamu ni watu wa ajabu. Miaka kumi na saba watu walimwambia asante, na hakuwahi kukesha akiziwaza asante zao. Siku moja mtu asiyemjua akamcheka, na tangu hapo hakuona kitu kingine chumbani ila kicheko kile. Alikuwa akiangalia makopo ya maziwa anaona aibu. Alikuwa akisikia mtu anabisha hodi, anatoka kumpokea nje. Akamwambia mumewe kwamba anataka rafu ukuta mzima, kutoka sakafu mpaka dari, na kwamba hashoni tena nguo yoyote kubwa mpaka chumba kipangwe. Batromeo akanunua mbao, akapigilia. Otilia alipopita kuuliza gauni lake limefikia wapi, Generoza alimjibu akiwa na vumbi la mbao kichwani, "Nikimaliza kupanga tu, mdogo wangu, naanza na lako." Nia yake ilikuwa njema. Nia njema hazikumpungukia hata siku moja, na hilo mnisaidie kulikumbuka.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa kila kitu uani. Alitandika mikeka mitatu, akabeba vifurushi kwa mikono na kwa mabega, akavimwaga. Vya mlangoni vikaangukia vya dirishani. Vya wagonjwa vikachanganyika na vya harusi. Vile vya juu ya sanduku la bati vikashuka pamoja na vingine, na tangu dakika hiyo vikawa vifurushi tu. Hakuona kwamba amepoteza chochote. Aliona jua zuri na chumba kitupu kilichofagiliwa, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ya kile kicheko.

Kisha akaketi mkekani na daftari jipya lenye jalada gumu. Alifungua kifurushi kimoja kimoja. Kwa vitambaa aliwatambua wenyewe, maana fundi hasahau kitambaa. Aliandika jina, akanyoosha gauni la zamani juu ya goti, akalipima kwa futi: kifua, kiuno, urefu, mkono, bega. Kitambaa kipya akakikunja kwa upana mmoja na vingine vyote, akakipeleka kwenye rafu kwa rangi yake, njano pamoja na njano, kijani pamoja na kijani. Gauni la zamani akalitupa upande wake wa kushoto. Kwa nini alitupa? Kwa sababu kipimo kimeshaandikwa, na gauni kuukuu lina kazi gani tena? Wateja wake wengi, wakichukua jipya, walikuwa wakimwambia, hilo kuukuu baki nalo utafutia mafuta. Basi Generoza akachukua neno la wengi, akalifanya neno la wote.

Alipofikia kitambaa cha buluu mikono yake ilisita. Nasema kweli, ilisita. Alikiangalia kile kifundo kilichofungwa mara mbili akajiuliza, mbona hiki nilikifunga hivi? Kuna neno hapa. Neno gani? Akatazama huku na huku kana kwamba sanduku la bati lingemjibu, lakini sanduku lilikuwa limebaki ndani, tupu juu. Kitambaa alikikumbuka, cha Otilia. Neno halikuja. Jua lilikuwa linashuka na mikeka bado imejaa. Akaandika: Otilia. Akaandika namba zake tano, kwa mwandiko mzuri, akazipigia mstari chini. Akatupa kushoto.

Siku iliyofuata alichukua mkasi mkubwa akakata rundo lote la kushoto. Alikata miraba inayolingana, ya kufutia mafuta ya cherehani, akaipanga ndani ya kapu dogo, akaona inapendeza kuliko matambara ya zamani yaliyochanwa kwa meno. Mabaki, yaani makola, mapindo na marinda yasiyotoa mraba, aliyashindilia ndani ya kimto kizuri cha kuchomekea pini, akakifunika kwa satini nyekundu. Hakuna kilichopotea bure. Alijisifu kwa hilo. Batromeo alipokuja kuona alisimama mlangoni kama kawaida yake akauliza kama sasa kuingia ni lazima mtu avue viatu. Generoza akacheka, akasema ndiyo. Na kweli watu walivua. Majirani walikuja kuangalia tu, hata wasio na kitambaa. Walisema hawajaona chumba kama kile, rangi zimepanda ukutani zimefuatana, vifungo ndani ya chupa safi, daftari limening'inia kwa kamba. Generoza alikuwa akifungua mlango kila asubuhi na kusimama kidogo kabla ya kuketi. Alikuwa na furaha, sitamnyima hilo. Alikuwa anamngoja Bi Eveta arudi aone.

Bi Eveta hakurudi. Kitambaa chake alikipeleka kwa fundi mwingine, mjini, wiki ile ile aliyocheka, na sidhani kama aliwahi kukumbuka alichosema.

Aliyekuja ni Otilia. Zilikuwa zimebaki wiki mbili msalaba uwekwe. Alivua viatu mlangoni kama wengine, akaingia na soksi, akasimama katikati akiangalia rafu. Akasema, "Umepaweza, dada." Alisema kwa moyo mweupe. Generoza alimwonyesha kitambaa chake kilivyokaa kati ya buluu nyingine, akamfungulia daftari, akaweka kidole chini ya jina lake. Akamwambia ataanza kukata kesho asubuhi, na siku tano zinamtosha. Otilia akafurahi. Akauliza, "Na lile la mama? Nilichukue leo kabisa, nilifue."

Hapo ndipo neno lilirudi. Lilirudi lote, na sauti yake, na siku yake, na mvua iliyokuwa ikinyesha. Hili ni la mama, dada, nitalichukua pamoja na jipya. Generoza akalifunga daftari. Aligeuka kwenye rafu kana kwamba anatafuta, na huku anajua kwamba hatafuti kitu. Aliinua vitambaa, akavirudisha. Alipogeuka tena, Otilia alikuwa haangalii rafu. Alikuwa anaangalia cherehani. Juu ya kichwa cha cherehani palikuwa na mraba mmoja wa buluu iliyofifia, wenye maua madogo meupe, umelowa mafuta nusu yake.

Otilia aliuchukua kwa vidole viwili. Aliugeuza upande huu na upande ule. Kisha akauweka puani, jambo ambalo Generoza alitamani ardhi ipasuke asilione, kwa maana alijua kinachonuka pale ni mafuta peke yake. Generoza akaanza kusema haraka haraka. Alisema atashona bure. Alisema vipimo vyote viko, havijakosewa hata kimoja, gauni litatoka lile lile. Alisema atakesha. Alisema Mungu anamwona, hakukusudia. Yote yalikuwa kweli, na yote hayakuwa na msaada wowote. Otilia alimngoja amalize. Hakulia. Akasema, "Dada, mimi nililileta kwako kwa sababu nilijua kwako kitu hakitupwi."

Akaukunja ule mraba, upande wa mafuta ndani, akauweka kifuani. Akaomba kitambaa chake, akapewa. Akavaa viatu vyake mlangoni, akaaga vizuri, kama mtu aliyelelewa. Generoza alibaki amesimama katikati ya chumba kile kizuri, na kwa mara ya kwanza akasikia jinsi kilivyo kimya. Hapakuwa na kifurushi kimoja kilichomwambia habari ya mtu. Kulikuwa na njano, na kijani, na nyekundu.

Alitafuta ile miraba kwenye kapu. Mingine alikuwa ameshaitumia na kuitupa jalalani, mingine ameigawa kwa majirani washikie masufuria, kwa sababu siku zile alikuwa mkarimu. Alikwenda nyumba mbili kuulizia, akarudishiwa mmoja, umeungua pembeni. Siku ya msalaba alisimama nyuma kabisa, karibu na uzio. Otilia alivaa kitenge cha kawaida. Watu waliomba, wakaimba, wakala, na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimepungua, ila wanawake wawili. Generoza alirudi nyumbani akatoa vitambaa kwenye rafu, akavirusha sakafuni, akaweka hiki mlangoni na hiki dirishani, akidhani labda atarudisha yale ya zamani. Havikumwambia kitu. Fujo yake ya kwanza ililetwa na watu, mmoja mmoja, kwa miaka. Hii aliileta mwenyewe alasiri moja. Akavikunja tena, akavirudisha kwenye rafu, akaketi akalia.

Ni wakati wa kulia, mkono ukiwa juu ya meza, ndipo alipokumbuka kimto cha pini. Alikipasua kwa kiwembe. Ndani, kati ya mabaki ya watu wote, akaikuta kola ya duara, nzima, na chini yake kipande cha rinda. Ilikuwa imetobolewa kila mahali, kwa sababu ndipo alipokuwa akichomeka sindano zake mchana kutwa. Lakini mishono ya mkono ilikuwa bado imeshika. Ilikuwa midogo, mingine imekwenda upande, ya mtu aliyeshona akiwa na kazi nyingine ya kufanya. Generoza aliitazama mpaka macho yakamuuma. Kumbe gauni halikuwa limekwisha lote. Kumbe kulikuwa na kitu cha kumpelekea.

Mngesema alivaa viatu akaenda. Nyumba ya Otilia haikuwa mbali, ni kupita kanisa na kushuka mteremko mmoja. Lakini Generoza aliona kola ina alama ya kutu ya pini, akasema aifue kwanza. Alipoifua aliona matundu, akasema ayatie uzi, moja moja, kwa rangi inayofanana. Alitafuta rangi hiyo, hakuipata, akaagiza mjini. Alipomaliza matundu akaona si heshima kumpelekea mtu kitu kama hicho kimefungwa kwenye gazeti, akaanza kutafuta kisanduku kinachofaa. Kimoja kilikuwa kikubwa. Kingine kilikuwa na harufu ya sabuni. Na kila Jumapili alipomwona Otilia amekaa benchi la mbele, alijiambia, bado kidogo, nimpelekee kikiwa kizuri.

Otilia hajui kama kola ipo. Anajua kwamba gauni la mama yake limekwisha, na kwamba kilichobaki ni mraba mmoja wenye mafuta. Anaishi akijua hivyo. Msimu umepita, na mwingine umeingia. Kola iko juu ya sanduku la bati, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa, na Generoza bado anatafuta kisanduku.

Naona wengine mnatabasamu. Haya, tabasamuni. Lakini kabla hamjanyanyuka hapo mlipoketi, mniambie: ni cha nani kile kilichomo mikononi mwako tangu mwaka jana, unachokipanga vizuri, unachokipiga pasi, wakati mwenyewe amekaa benchi la mbele yako anadhani kimekwisha?